Rafu ya Chini, Karibu na Bomba la Joto

Ingia. Kung'uta theluji hapo mlangoni.
Wasifu wa wachezaji wa kale, umesema?
Wale wa kofia za ngozi, na wale wa kichwa wazi,
kabla Ohio haijajua kwamba mchezo huu una fedha?
Ninavyo vitatu. Vinne, ukihesabu kisichohesabika.

Anza na hiki cha jalada la kijani.
Elwood Trimble, mkimbiaji. Kimeandikwa na mpwa wake,
kwa hiyo usitafute dhambi humo.
Lakini sura ya tano isome ukiwa umekaa:
Novemba, uwanja ni tope hadi vifundoni,
tarumbeta za bendi ya zimamoto zimeganda kwa baridi,
naye Trimble anapenya pengo jembamba kama mlango wa kabati,
yadi sitini na mbili,
kiatu kimoja kimebaki nyuma, wima katika tope,
kama mtu aliyeghairi safari.
Nani alifungua pengo lile? Kitabu hakisemi.
Kinasema, "pengo lilifunguka."
Kishike kitenzi hicho. Tutakirudia.

Cha pili ni kinene, panya wamekionja pembeni.
Augustus Pfeil, mwenye timu, mwenye kiwanda cha vigae.
Jumapili aliwalipa kwa bahasha nyuma ya duka la kinyozi,
Jumatatu akawakata mshahara kwa kuchelewa kazini.
Mwandishi anamsifu mno, utadhani naye alipewa bahasha.
Ruka siasa. Soma barua kwa mkewe:
"Lottie mpenzi, tumeshinda, tumepata hasara."
Sijasoma historia ya timu fupi kuliko hiyo.

Cha tatu nakupa kwa masharti: usikunje ukurasa.
Lemuel Oakes, mtu mweusi kutoka Kentucky,
misimu mitatu uwanjani, na kila hoteli
akalazwa chini, kwenye chumba cha tanuru.
Alijiandikia mwenyewe, kwa penseli,
akilinda benki usiku; bintiye akachapisha nakala mia
akabaki na deni.
Hapigi kelele. Anataja mifupa yake
kama msafiri anavyotaja vituo vya reli:
mtulinga, wa kushoto. Vidole, viwili. Pua, sikumbuki mara ngapi.
Halafu ukurasa wa tisini na moja
(naujua kwa moyo, usinitazame hivyo):
"Aliyetufungulia njia, mimi na Trimble,
siku ile ya kiatu na siku nyingine zote,
ni mchimba makaa, Dudzik. Kiingereza chake kilikuwa namba tu.
Nikianguka alininyooshea mkono.
Wengine walingoja niinuke."

Umeona? Pengo halikufunguka.
Lilifunguliwa.
Silabi moja hiyo, na mtu mzima amejificha ndani yake
na mabega yake, na kikohozi chake cha vumbi.

Cha nne hakiazimwi. Kisomee hapa, mezani.
Daftari la matumizi la timu, wino umekuwa kahawia.
"Dudzik, K., dola kumi.
Toa mbili: jezi iliyochanika."
Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao kulikuwa Galicia,
meli mbili na treni moja kutoka hapa.
Alizipeleka dola nane nyumbani,
pamoja na mapengo yake mwenyewe, matatu, meno ya mbele,
na mtoto wake wa kike alipokuwa akijifunza kuhesabu
alihesabia hayo.
Huyo alikuwa mama yangu.

Hapana, hakuna kitabu chake.
Kila mwaka huja mtu anayesema ataandika,
ananywa kahawa yangu, anapiga picha daftari,
anaondoka.

Basi, vitatu hivyo. Wiki mbili.
Ukichelewa ni senti kumi kwa siku,
na sisamehi, hata kwa theluji.
Kimoja ukikipenda sana, kisome tena polepole,
na kila unapokuta jambo limetokea lenyewe,
mlango umefunguka, njia imepatikana, ushindi umekuja,
weka kidole hapo
uulize.